Ken Loach: Mfadhiliwa Asiye na Shukrani

Mwaka 1969 shirika la misaada la Save the Children la Uingereza lilitimiza miaka 50, na kama mwenye sherehe yeyote, lilitaka kupigwa picha likiwa limependeza. Likatoa fedha za filamu, kituo cha televisheni cha London Weekend nacho kikachangia, na kazi akapewa mwongozaji kijana aliyekuwa akizungumzwa sana wakati huo, Ken Loach. Loach akazipeleka kamera kwenye miradi ya shirika hilo, kwanza kwao Uingereza, kisha Kenya. Alichorudi nacho hakikufanana na sherehe. Wafadhili walionekana wakiwazungumzia maskini kana kwamba maskini hawana masikio. Wavulana wa Kenya walionekana wakilelewa katika shule iliyoiga mabweni ya Kiingereza, miaka michache tu baada ya bendera ya Mwingereza kushushwa, na Waafrika wenyewe wakapewa nafasi ya kusema wanauonaje wema huo. Shirika likatishia kwenda mahakamani. Mwishowe pande zote zikakubaliana filamu isiteketezwe, ila isionyeshwe, ikakae kwenye hifadhi ya filamu ya taifa. Ilikaa humo hadi mwaka 2011, mwongozaji alipokuwa ametimiza miaka 75, ndipo watu wakaiona hadharani.

Wahenga walishatuonya kwamba ukimfadhili mbuzi utakunywa mchuzi wake, ukimfadhili binadamu atakuudhi. Save the Children waliudhika, na kwa upande wao walikuwa na haki, maana fedha zilikuwa zao. Lakini kisa hicho kinanifaa kumsomea Loach mzima. Wengi humwanzia kwenye siasa: msoshalisti, mtetezi wa makabwela, adui wa matajiri. Yote hayo ni kweli na yeye mwenyewe hayafichi. Mimi naona kazi yake ya zaidi ya nusu karne inaeleweka vizuri zaidi ukiuliza swali la kihasibu: filamu hii ililipiwa na nani, na aliyelipa alipata alichokitaka?

Alizaliwa Juni 17, 1936 mjini Nuneaton, katikati ya Uingereza, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda. Alifaulu kuingia shule ya wateule wa mtihani, akatumikia jeshi la anga miaka miwili kwa mujibu wa sheria, kisha akaenda Oxford kusoma sheria, ambako inaelekea jukwaa la maigizo lilimwona zaidi kuliko maktaba. Mwaka 1963 akaajiriwa BBC kama mwongozaji mwanafunzi. Hapo bahati ilimkuta. BBC ya miaka hiyo ilikuwa inafungua chaneli ya pili, ilihitaji watu wengi na upesi, na baadhi ya wakubwa wake walikuwa tayari kuwaacha vijana wajaribu mambo. Kila wiki kulikuwa na tamthilia moja mpya iliyotazamwa na mamilioni, na ilionyeshwa mara baada ya taarifa ya habari. Loach na mtayarishaji wake Tony Garnett waliling'amua jambo hilo mapema. Mtazamaji ambaye ametoka kusikiliza habari bado yumo katika hali ya kuamini. Basi wao wakatengeneza tamthilia zenye sura ya habari.

Iliyowatoa ni "Cathy Come Home", iliyorushwa Novemba 16, 1966, ikiwa imeandikwa na Jeremy Sandford. Binti anaolewa, mume anaumia kazini, kodi inawashinda, na kuanzia hapo ni kuteremka ngazi: nyumba ya wazazi, chumba kibovu, karavani, hosteli ya wasio na makazi ambako waume hawaruhusiwi kulala, na mwisho kituo cha treni ambako maofisa wanamnyang'anya watoto wake. Watoto waliolia kwenye filamu hiyo walikuwa watoto wa kuzaa wa mwigizaji mwenyewe, Carol White. Waliotazama usiku ule walikaribia milioni 12, takriban robo ya nchi. Wiki mbili baadaye likazinduliwa shirika la Shelter la kuwatetea wasio na makazi, na hadi leo watu husimulia kwamba lilizaliwa na filamu hiyo. Ukweli ni kwamba maandalizi yake yalikuwa yameshafanyika, filamu ilikuja tu kama upepo kwenye tanga lililokwisha kutwekwa. Baadhi ya halmashauri ziliwaruhusu waume kulala na familia zao. Na Loach? Yeye baadaye aliilaumu filamu yake kwa kutomgusa mmiliki wa ardhi wala mwenye kampuni ya ujenzi. Watu walilia, wakapeleka michango, na mfumo ukabaki palepale.

Hapo mfadhili alikuwa nani? Kila Mwingereza mwenye televisheni, kwa ada ya mwaka. Hakuna mwenye fedha mmoja wa kuitwa ofisini akanung'unike. Naamini ndiyo sababu filamu hiyo ilitoka ilivyo.

"Kes" ya mwaka 1969 ndiyo ninayoiweka juu ya zote, na si mimi peke yangu, kwani Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilipopanga filamu 100 bora za nchi hiyo mwaka 1999 iliiweka ya saba. Imetokana na riwaya ya Barry Hines, ikapigwa Barnsley, mji wa machimbo ya makaa ya mawe, na karibu watu wote ndani yake ni wa hukohuko. Billy Casper ni mvulana aliyechoka. Nyumbani kaka anampiga, shuleni walimu wanampiga, na kinachomsubiri mbele ni shimo la makaa. Anatwaa kinda la kozi kutoka kwenye kiota, anaiba kitabu cha kufundishia ndege wa kuwinda, na taratibu anakuwa bingwa wa kitu ambacho hakuna mwalimu anayekijua. Siku anayosimama darasani kueleza jinsi ya kumzoesha kozi kurudi mkononi, darasa zima linanyamaza kumsikiliza, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. Loach haongezi muziki wala hasogezi kamera usoni kutafuta chozi. Anasimama mbali kidogo, kama mpita njia mwenye adabu, na mpigapicha wake Chris Menges anauacha mwanga uwe ulivyo.

Kuna tukio la viboko ambalo msomaji aliyepitia shule zetu hahitaji kufafanuliwa. Wavulana wamepangwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na mmoja mdogo kabisa, aliyetumwa tu kuleta ujumbe, anachapwa pamoja nao kwa sababu hakuna anayemsikiliza. Analia kilio ambacho hakiigiziki. Hakikuigizwa. Watoto hawakuambiwa kwamba watachapwa kweli, wakachapwa kweli. Vilevile yule kijana mkuu, David Bradley, aliachwa aamini kwamba ndege aliyemlea kwa wiki kadhaa ameuawa, ili uchungu wake uwe uchungu.

Hiyo ndiyo mbinu ya Loach, na ameishika maisha yake yote, ingawa kwa watu wazima na kwa upole zaidi. Filamu zake huzipiga kwa mfuatano wa hadithi, kuanzia mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo watayarishaji wengi hulikwepa kwa gharama. Mwigizaji hupewa kurasa chache kwa wakati, wakati mwingine hapewi kabisa, hivyo hajui nani atakufa wala nani atamsaliti. Akishtuka, ameshtuka. Mashabiki wake huita hayo uaminifu. Mimi sina raha nayo kiasi hicho. Mtu aliyejenga jina kwa kupinga wakubwa wanaowaficha wadogo mambo yanayowahusu, akiwa kazini yeye ndiye mkubwa anayejua mwisho wa hadithi, na wengine wote hawaujui. Kwa mtoto wa Barnsley mwenye fimbo kiganjani, tofauti kati ya mwalimu mkuu na mwongozaji haikuwa kubwa. Nasema hivyo huku nikikubali kwamba bila mbinu hiyo "Kes" isingekuwa "Kes".

Miaka ya 1970 nitaipita haraka. Mwaka 1971 mwanawe wa miaka mitano alifariki katika ajali ya gari, msiba ambao Loach amekuwa akiuzungumzia mara chache sana. Mwaka 1975 BBC ilirusha "Days of Hope", hadithi ndefu ya wafanyakazi kuanzia Vita vya Kwanza vya Dunia hadi mgomo mkuu wa 1926, iliyozua kelele magazetini. Mwaka 1977 akakataa nishani ya OBE, kwa kuwa hakuona fahari ya kubeba kifuani jina la Dola ya Kiingereza, dola ambayo kwake ni habari ya unyonyaji na kuteka nchi za watu.

Halafu akaja Margaret Thatcher, waziri mkuu wa chama cha kihafidhina, 1979, na Loach akafanya uamuzi ambao nadhani ulimgharimu muongo mzima. Aliona hadithi za kubuni zinachukua muda mrefu mno, viwanda vinafungwa leo na filamu itatoka baada ya miaka mitatu. Akahamia kwenye makala za ukweli. Channel 4, kituo cha televisheni kilichokuwa kichanga na chenye ahadi nyingi, kikamwagiza mfululizo uitwao "Questions of Leadership", kuhusu namna viongozi wa vyama vya wafanyakazi walivyokuwa wakiwazima wanachama wao wenyewe. Ukaahirishwa, ukakatwa, ukajadiliwa, ukafa bila kuonyeshwa. Mwaka 1984 akatengeneza filamu ya nyimbo na mashairi ya wachimba makaa waliokuwa kwenye mgomo. Kipindi cha sanaa cha televisheni kilichoiagiza kikaikataa kwa kuwa ilikuwa na siasa nyingi mno, na ikabidi ipate mlango kwingine. Tusidhani kwamba waliomfunga mdomo walikuwa watu wa Thatcher pekee. Kwenye ile ya vyama vya wafanyakazi, waliopiga kelele zaidi isitoke ni viongozi wa vyama hivyo, watu ambao kwenye karatasi walikuwa ndugu zake kisiasa.

Matokeo yake, kufikia mwisho wa muongo huo Loach alikuwa analisha familia kwa matangazo ya biashara. Moja lilikuwa la McDonald's. Katika filamu ya maisha yake iliyotoka mwaka 2016 alikiri kwamba tangazo hilo bado linamkaa vibaya rohoni. Wapinzani wake hulitaja kwa furaha. Mimi nalitaja kwa sababu ndilo jibu kamili zaidi la swali langu la kihasibu: katika miaka ile, mlipaji pekee aliyepata alichokitaka kwa Loach alikuwa muuza mkate wa nyama.

Kilichomwokoa ni mambo mawili, na lipi lilitangulia jingine ni vigumu kusema. Kwanza alirudi kwenye hadithi. "Hidden Agenda" ya 1990, kuhusu mauaji ya mtetezi wa haki huko Ireland ya Kaskazini, ilipata Tuzo ya Majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Mwaka uliofuata "Riff-Raff", vichekesho vichungu vya vibarua wa ujenzi London vilivyoandikwa na Bill Jesse, mtu aliyewahi kubeba zege mwenyewe, ikachukua tuzo ya filamu bora ya Ulaya. Na hii ya pili ilitengenezwa kwa fedha za nani? Channel 4, walewale.

La pili ni fedha zenyewe kubadili sura. Akiwa na mtayarishaji Rebecca O'Brien, na kuanzia 1996 mwandishi Paul Laverty, mwanasheria aliyefanya kazi ya haki za binadamu Nicaragua wakati wa vita, Loach alijenga utaratibu ambao sioni ukisifiwa vya kutosha. Bajeti ndogo, kikosi kilekile, waigizaji wasio na majina, na mchango wa fedha kutoka nchi nyingi: Ufaransa kidogo, Ujerumani kidogo, Hispania, Italia, Ubelgiji. Hakuna aliyetoa nyingi kiasi cha kumwambia akate nini. Waongozaji wetu wa Dar es Salaam na Nairobi, ambao wamezoea kupigia hesabu shirika moja linalotaka filamu ya malaria au ubalozi mmoja unaotaka filamu ya usawa wa kijinsia, wangefaidika zaidi kusoma mikataba ya O'Brien kuliko kusoma hotuba za Loach.

Utaratibu huo ulizaa "Land and Freedom" mwaka 1995, juu ya kijana wa Liverpool anayekwenda kupigana na mafashisti katika vita vya Hispania. Katikati yake kuna mkutano. Wapiganaji wamekikomboa kijiji, wanakijiji wamekusanyika kwenye nyumba ya mwenye mashamba aliyekimbia, na swali ni moja: ardhi yote iwe ya pamoja, au kila mtu abaki na kipande chake? Wanabishana. Mwenye kishamba kidogo alichokitolea jasho anataka akiache kama kilivyo. Mwenzake anamjibu kwamba mapinduzi yakichelewa yatakufa. Mgeni wa Marekani anaonya kwamba mataifa tajiri yataogopa na hayatauza silaha. Mkutano unakwenda dakika nyingi, watu wanakatana maneno, wengi wao si waigizaji, na kila anayesimama ana hoja. Mtanzania anayekumbuka mikutano ya vijiji vya Ujamaa ataisikia sauti ya baba yake humo. Tunajua Loach yuko upande gani, lakini kwa dakika hizo amekubali kushindwa hoja ndani ya filamu yake. Hapo ndipo anapokuwa mwongozaji mkubwa.

"The Wind That Shakes the Barley" ina tukio la aina hiyo, ndugu wawili wa Ireland wakigawanyika juu ya mkataba wa 1921 na Waingereza, na kila mmoja ana haki kiasi cha kuumiza. Ilimpa Palme d'Or yake ya kwanza, tuzo kuu ya Cannes, mwaka 2006. Magazeti kadhaa ya kwao yalimshambulia kwa kuisaliti nchi yake, baadhi ya waandishi bila hata kuitazama, huku kumbi za Ufaransa zikiipokea kwa wingi kuliko za Uingereza.

Palme d'Or ya pili ilikuja 2016 kwa "I, Daniel Blake", naye akiwa na miaka 79. Fundi seremala wa Newcastle ana ugonjwa wa moyo, daktari kamkataza kazi, ofisi ya serikali inamwambia ana afya ya kutosha kufanya kazi, hivyo ili apate posho lazima atafute kazi ambayo akiipata hawezi kuifanya. Dave Johns aliyeicheza nafasi hiyo ni mchekeshaji wa jukwaani, na mwili wake mzito wenye heshima unabeba filamu. Tukio ambalo kila aliyeitazama hulikumbuka ni la ghala la chakula cha msaada, pale mama kijana, Katie, anapofungua kopo palepale rafuni na kula kwa mkono, kisha anavunjika kwa aibu. Waliomhudumia katika tukio hilo walikuwa watu wanaofanya kazi hiyo kweli. Filamu iliingia hadi bungeni, ambako kiongozi wa upinzani wa wakati huo, Jeremy Corbyn, alimtaka waziri mkuu Theresa May aitazame, na Iain Duncan Smith, aliyekuwa amesimamia wizara husika, akalalamika kwamba watumishi wa ofisi za ajira wameonewa.

Nasikitika kusema kwamba nusu ya lalamiko la Duncan Smith lina ukweli. Ukimwondoa mtumishi mmoja mwenye huruma, watu wa ile ofisi ni ukuta. Hawana uchovu, hawana bosi anayewatisha, hawana kodi ya nyumba. Loach wa 1995 angewapa zamu ya kusema. "Sorry We Missed You" ya 2019, juu ya dereva wa kusambaza vifurushi anayeitwa mshirika ili asiitwe mwajiriwa, ina ugonjwa huohuo: msimamizi wa bohari amechorwa kwa mkaa mtupu, na mikosi inamwandama shujaa kwa ratiba. Dereva yeyote wa teksi za programu Nairobi ataielewa hali ile bila tafsiri, lakini kuielewa hali si sawa na kushangazwa na filamu. Alipokuwa akipambana na wenye fedha, hoja za upande wa pili zilimfikia kila siku, akitaka asitake. Baada ya kupata uhuru wake, hakubaki mtu wa kumbishia.

Nje ya filamu hali imekuwa mbaya zaidi. Mwaka 1987 ukumbi wa maigizo wa Royal Court, London, ulifuta tamthilia ya Jim Allen aliyoiongoza, "Perdition", muda mfupi kabla ya kufunguliwa, baada ya wanahistoria na Wayahudi wengi kusema inapotosha habari za maangamizi ya Wayahudi wa Hungary. Loach aliona udhibiti, na hadi leo sijaona dalili kwamba aliwasikiliza wale waliosema wameumizwa. Chama chake cha Labour, cha mrengo wa kushoto, kilipogombana juu ya chuki dhidi ya Wayahudi, alijikuta tena katikati. Anakanusha vikali kuwa na chuki hiyo, na mwaka 2021 alitimuliwa chamani baada ya kukataa kuwakana wenzake waliokwisha kufukuzwa. Kukataa kuwakana wenzako ni uungwana. Kukataa kumsikia aliyeumia ni jambo jingine, na kwa mtu aliyetengeneza ule mkutano wa kijiji, nilitarajia zaidi.

Hata hivyo hajawahi kugeuka mtu wa tuzo. Mwaka 2012 tamasha la filamu la Turin lilitaka kumtunuku, akakataa kwa sababu wafagiaji na walinzi wa jumba la makumbusho linalosimamia tamasha hilo walikuwa wamehamishiwa kwa wakala na mishahara yao kukatwa. Filamu yake ya 2023, "The Old Oak", inawaleta wakimbizi wa Syria kwenye kijiji cha machimbo yaliyofungwa kaskazini mwa Uingereza, na ingawa nusu yake ya mwisho imeharakishwa kuelekea upatanisho, wale wanywaji wa baa wanaowakataa wageni wamepewa sababu zao: nyumba zilizopoteza thamani, shule iliyofungwa, wanunuzi wasioonekana. Nilifurahi kuwasikia.

Kuna bei moja ambayo mashabiki hawaihesabu. Mkaaji wa chumba kibovu Birmingham mwaka 1966 aliiona "Cathy" nyumbani kwake, usiku uleule na mwenye nyumba wake. Fedha za Ulaya zilimpa Loach uhuru, zikampa pia watazamaji wa Cannes na wa kumbi za katikati ya miji, watu ambao wengi wao hawajawahi kusimama foleni ya posho. Anaonekana kulijua hilo. Mwaka 2010 aliweka filamu zake nyingi YouTube watu watazame bure, na "I, Daniel Blake" ilipotoka, timu yake iliipeleka kwenye kumbi za mitaa, makanisa na ofisi za vyama vya wafanyakazi, mlangoni mtu akilipa alichonacho.